Lori Kuukuu Likikataa Kuwaka: Kosa Litafutwe kwa Taratibu

Mtu anunuapo lori lililokwisha kutumiwa na wengine, hununua pamoja nalo makosa yote waliyoyafanya hao waliomtangulia. Huenda fundi mmoja alikaza parafujo ambayo haikupasa kuguswa, mwingine akailegeza, na wa tatu akatia ndani ya kabureta kipande kilichotoka katika gari la aina nyingine. Lori likaendelea kwenda hivyo hivyo, mpaka siku moja likagoma mlimani, shehena ya viazi ikiwa juu yake na wanunuzi wakingoja sokoni.

Hapo ndipo fedha zinapopotea. Aghalabu jambo la kwanza litendwalo ni kufungua kabureta, kwa sababu iko juu ya injini, yaonekana kwa urahisi, na kuifungua hakuhitaji vyombo vingi. Lakini ikiwa kosa liko katika umeme, au katika kifuniko cha tangi, aliyeifungua kabureta hajaliondoa kosa hilo, naye huenda ameongeza la pili. Kisha hununuliwa pampu, kisha koili, kisha kabureta nyingine, na mwisho lori huuzwa kwa bei ya chuma chakavu, ingawa kasoro yake ilikuwa katika kitu kidogo tu. Kwa watu waliochanga akiba zao ili wanunue lori moja, hasara hiyo ni karo ya watoto na mbegu za msimu ujao.

Hasara hiyo yaweza kuzuiwa na mtu yeyote mwenye subira, akifuata taratibu moja isiyobadilika: umeme upimwe kwanza, petroli ifuatwe kutoka katika tangi, na kabureta iwe ya mwisho kufunguliwa.

Maelezo haya yahusu malori ya petroli yenye kabureta, kama yale ya Bedford aina ya TJ, ambayo kampuni ya Vauxhall ya Uingereza ilianza kuyatengeneza mwaka 1958, na ambayo kwa miaka mingi yalibeba mizigo katika barabara za Afrika Mashariki. Malori ya dizeli hayana kabureta, na magari mapya ya petroli hupimiwa mafuta yake kwa mitambo ya umeme. Hayo yana taratibu zake.

MAHITAJI MATATU YA INJINI

Injini ya petroli yataka mambo matatu ili iwake. La kwanza ni petroli iliyochanganywa na hewa kwa kadiri ipasayo, yaani, kwa uzito, sehemu 15 hivi za hewa kwa sehemu moja ya petroli. La pili ni cheche yenye nguvu, itokayo kwa wakati wake. La tatu ni mshindilio: pistoni ikipanda lazima ishindilie ule mchanganyiko wa hewa na petroli ndani ya silinda bila kuuacha uvuje.

Likikosekana moja katika hayo matatu, injini haiwaki. Likiwapo lakini limepungua, injini huwaka kwa taabu, hukohoa, au hukosa nguvu. Kazi yote ya kutafuta kosa ni kuuliza ni lipi katika matatu hayo lililopungua, na kuyaondoa mengine katika hesabu moja baada ya jingine.

KUULIZA KABLA YA KUSHIKA SPANA

Dereva na aulizwe kwanza: Shida hii ilianza lini? Je, injini hugoma asubuhi ikiwa baridi, au ikisha kupata moto? Hukosa nguvu mlimani tu, au hata gari linaposimama, injini ikizunguka polepole? Ni kitu gani kilichotengenezwa au kubadilishwa mwisho?

Swali hilo la mwisho lina thamani kubwa. Ikiwa lori lilikuwa jema Jumatatu, likatengenezwa Jumanne, na Jumatano likaharibika, yafaa kutazama kwanza pale palipotengenezwa. Mara nyingi nyaya za plagi huwa zimerudishwa mahali pasipo pake. Katika injini yenye silinda sita zilizopangwa mstari mmoja, aghalabu silinda huwaka kwa mpango wa 1, 5, 3, 6, 2, 4. Nyaya mbili zikibadilishana, injini hutikisika na kupiga mshindo katika bomba la moshi au ndani ya kabureta, na mtu asiyejua husema kabureta imeharibika.

Kadhalika, jambo moja tu libadilishwe kwa wakati mmoja, kisha injini ijaribiwe. Mtu akibadilisha mambo matatu kwa pamoja, hata lori likipona hatajua ni dawa ipi iliyoliponya, na likizidi kuugua hatajua ni ipi iliyolidhuru.

UMEME UPIMWE KWANZA

Plagi moja ifunguliwe, irudishwe katika waya wake, kisha ilazwe ili chuma chake kiguse chuma cha injini, mbali na tundu ilimotoka na mbali na petroli yoyote iliyomwagika. Waya ushikwe kwa koleo yenye vishikio vya mpira, maana umeme huo hupiga kwa ukali. Msaidizi azungushe injini. Cheche ya rangi ya buluu yenye mlio ni njema. Cheche ya manjano iliyo nyembamba ni dhaifu, na isipoonekana kabisa, petroli iachwe kwanza, kosa litafutwe katika umeme.

Katika plagi hakuna cheche, lakini waya utokao katika koili unayo? Basi yafaa kutazama kifuniko cha distributa na rota iliyo ndani yake. Ufa mwembamba kama unywele, au unyevu ulioingia baada ya mvua au baada ya kuosha injini, watosha kuupoteza umeme. Ikiwa hata waya wa koili hauna cheche, zitazamwe pointi, yaani vile vipande viwili vidogo vya chuma vinavyofunguka na kufunga ndani ya distributa. Pointi zilizoungua huzuia umeme, na nafasi kati yake lazima ipimwe kwa kipimo chake. Katika injini nyingi za Uingereza za zamani nafasi hiyo ni kati ya milimita 0.35 na 0.5, lakini kipimo halisi hutolewa na kitabu cha gari lenyewe. Pointi mpya zikiungua upesi, huenda kondensa ndiyo mbovu.

Plagi nazo hutoa ushahidi wake. Ncha yenye rangi ya udongo mwepesi yaonyesha kwamba injini ni nzima. Ncha yenye masizi meusi makavu yaonyesha petroli nyingi kupita kiasi, au cheche dhaifu. Nyeupe kama chokaa yaonyesha petroli kidogo mno au joto jingi mno. Ikiwa imelowa oili nyeusi, oili yapenya ndani ya silinda, na hilo halitengenezwi kwa kabureta.

PETROLI IFUATWE KUTOKA TANGI

Cheche ikiwa njema, hapo ndipo petroli ichunguzwe, kuanzia nyuma ya lori kuja mbele.

Kifuniko cha tangi kina kitundu kidogo cha kupitisha hewa. Kikizibwa na vumbi au matope, petroli inayotoka haifuatwi na hewa, na baada ya kilomita kadhaa pampu hushindwa kuvuta. Injini hufa, lori hukaa kitambo, kisha huwaka tena. Dereva akifungua kifuniko na kusikia sauti ya hewa ikiingia kwa nguvu, amekwisha kuliona kosa, na dawa yake haigharimu hata shilingi moja.

Katika tangi la zamani mna kutu na mchanga. Uchafu huo hukusanyika katika bomba, katika bilauri ndogo ya kioo iliyo kwenye pampu, na katika chujio. Mipira ya petroli iliyozeeka hupasuka. Ufa wa mpira ulio kabla ya pampu huenda usidondoshe hata tone, lakini huvuta hewa mahali pa petroli.

Ili kuipima pampu, bomba liingialo kabureta lifunguliwe na kuelekezwa katika chupa. Injini ikiwa imepoa na swichi imefungwa, msaidizi azungushe injini kwa hendeli, au kwa stata waya wa koili ukiwa umeondolewa. Petroli yapasa kuruka kwa nguvu na kwa mapigo yaliyo sawa. Ikitoka kidogo au ikiwa na mapovu, kosa liko kabla ya kabureta. Zaidi ya hayo, oili ya injini inuswe. Ngozi ya pampu ikichanika, petroli huweza kuingia ndani ya oili. Oili huzidi kimo chake, hunuka petroli, na hupoteza utelezi. Lori la namna hiyo lisiendeshwe hata kilomita moja, maana vyuma vya ndani vitasagika.

Petroli yenyewe nayo ni ya kuangaliwa. Ikichanganywa na mafuta ya taa, injini huwaka kwa shida asubuhi, hutoa moshi, na hugonga mlimani. Udanganyifu huo ulizidi hata mwaka 2018 Serikali ya Kenya ikaweka ushuru maalumu wa shilingi 18 kwa kila lita ya mafuta ya taa ili kuuzuia.

SASA KABURETA

Kabureta ina chumba kidogo cha petroli ambamo mna boya la shaba. Petroli ikipanda, boya hupanda pia na kusukuma sindano iliyo mlangoni, mlango ukafungwa. Petroli ikipungua, boya hushuka na mlango hufunguka. Kutoka chumba hicho petroli hupita katika vitundu vidogo sana viitwavyo jeti, ikanyunyizwa katika hewa inayovutwa na injini. Jeti moja hutumika injini inapozunguka polepole, na kubwa hutumika lori linapovuta mzigo. Tena mna pampu ndogo ambayo huongeza petroli dereva akanyagapo kwa ghafula, na choki ambayo hupunguza hewa asubuhi injini ikiwa baridi.

Mwenye kuijua kazi ya kila kipande aweza kulitambua kosa kabla ya kufungua kitu. Kabureta ikimwaga petroli, moshi ukiwa mweusi, huenda boya limetoboka au sindano imeshikwa na uchafu. Boya litikiswe karibu na sikio. Likiwa na petroli ndani litasikika. Injini ikifa kila lori linaposimama, lakini ikienda vyema kwa mwendo wa kasi, ile jeti ndogo imeziba, au hewa yaingia mahali pasipotakiwa, kama katika gasketi iliyo chini ya kabureta. Injini ikizunguka vyema bila mzigo lakini ikakosa nguvu mlimani na kutema hewa nyuma ndani ya kabureta, huenda jeti kubwa imeziba. Ikisita mara tu kanyagio likanyagwapo kwa ghafula, ile pampu ndogo haifanyi kazi.

Kuna jaribio moja jepesi. Injini ikiwa na moto na ikienda vibaya, choki ivutwe kidogo. Injini ikipata nafuu, mchanganyiko ulikuwa na petroli kidogo mno. Ikizidi kuugua, petroli haikupungua, na huenda ni nyingi mno. Hapo yafaa kutazama chujio la hewa lililojaa vumbi, au choki iliyokwama.

Ikilazimu kufungua kabureta, kazi hiyo ifanywe juu ya kitambaa cheupe, na kila kipande kipangwe kwa kadiri kilivyotoka. Jeti zisafishwe kwa petroli safi na kupulizwa kwa pampu ya hewa. Zisichokolewe kwa waya, maana kitundu cha jeti kimepimwa kwa usahihi mkubwa, na waya ukikipanua kidogo tu lori litakula petroli siku zote. Ile parafujo ya kupimia mchanganyiko isikazwe kwa nguvu, kwani ncha yake huharibika. Katika kabureta nyingi yatosha kuifunga polepole mpaka ishike, kuifungua mzunguko mmoja na nusu, kisha, injini ikisha kupata moto, kuisogeza kidogo kidogo mpaka injini itulie.

PWANI NA MILIMANI

Kuna shida ambazo si ubovu. Lori linalotoka Mombasa, palipo sawa na bahari, hupanda hadi Nairobi, karibu mita 1,700 juu, na likiendelea kuelekea Eldoret hupita Timboroa, palipo zaidi ya mita 2,700. Huko uzito wa hewa ni kama robo tatu tu ya ule wa pwani. Kabureta hailijui jambo hilo; yazidi kutoa petroli nyingi kuliko ipasavyo hewa ile nyepesi. Kwa hiyo moshi huwa mweusi kidogo na nguvu hupungua, hata injini ikiwa mpya. Dereva wa safari ndefu asibadilishe jeti kwa sababu ya mlima mmoja, maana akirudi pwani na jeti ndogo, injini itapata petroli kidogo mno, na valvu huweza kuungua.

Chukua mfano wa lori linalozimika kila linapopanda mlima mchana wa jua kali, kisha likawaka tena baada ya kupumzika nusu saa. Dereva husema petroli imechemka ndani ya bomba. Fundi husema koili imeharibika. Wote wawili waweza kuwa na haki, maana petroli huchemka upesi zaidi mahali palipoinuka, na koili mbovu hupoteza nguvu ikipata moto. Ubishi wao humalizwa kwa kupima cheche papo hapo lori linapozimika, kabla halijapoa. Cheche ikiwapo, kitambaa chenye maji kiwekwe juu ya pampu na bomba. Injini ikiwaka, kosa ni joto la petroli, na bomba lisogezwe mbali na chuma cha moshi. Cheche isipokuwapo, koili na kondensa ndizo za kuchunguzwa. Anayengoja mpaka lori lipoe ndipo apime, hataona kitu.

INJINI ILIYOCHOKA

Cheche ni njema, petroli yafika, kabureta ni safi, lakini lori bado halina nguvu. Hapo mshindilio upimwe katika kila silinda, kwa kipimo ambacho gereji nyingi zinacho. Silinda moja ikiwa chini sana kuliko nyingine, kijiko kimoja cha oili kitiwe ndani yake na ipimwe tena. Kipimo kikipanda, ringi zimekwisha. Kisipopanda, valvu hazifungi au gasketi ya kichwa imeungua. Moshi wa buluu ni alama ya oili. Moshi mweupe usiokwisha, pamoja na maji yanayopungua katika rejeta, ni alama ya gasketi au ufa.

Katika malori ya zamani kuna sababu moja ya valvu kuharibika ambayo wengi hawaijui. Zamani petroli ilitiwa risasi, nayo ilikinga mahali valvu zinapokalia. Tangu mwanzo wa mwaka 2006 petroli ya namna hiyo iliachwa kuuzwa katika nchi za Afrika zilizo kusini ya Sahara, kwa sababu ilidhuru afya za watu, hasa watoto. Injini za kale ambazo makalio ya valvu zake si ya chuma kigumu huweza kulika upesi zikifanyishwa kazi nzito, na nafasi ya valvu hupungua kidogo kidogo. Fundi akifungua kichwa cha injini, yafaa aombwe kutia makalio magumu.

Kwa ajili hiyo, anayetaka kununua lori kuukuu aombe kuliona likiwashwa asubuhi, injini ikiwa baridi kabisa. Akikuta limekwisha kupashwa moto kabla hajafika, arudi siku nyingine. Mshindilio nao upimwe kabla ya fedha kutolewa. Malipo ya kipimo hicho ni madogo sana yakilinganishwa na bei ya injini.

HATARI ZISIZOSAMEHE

Kuna desturi mbaya ya kumimina petroli katika kinywa cha kabureta huku mwingine akizungusha injini. Cheche ikija kabla ya wakati wake, moto hurudi juu na kumpata aliyeshika chupa. Desturi hiyo iachwe kabisa, na utingo yeyote asiamriwe kuifanya. Asivute mtu sigara karibu, wala petroli isivutwe kwa mdomo. Mchanga mkavu au chombo cha kuzimia moto kiwe karibu, maana maji hueneza moto wa petroli. Injini isiendeshwe ndani ya banda lililofungwa, kwa kuwa moshi wake una hewa ya sumu isiyo na harufu, nayo huua. Kabla ya kuzungusha hendeli, gia iondolewe na magurudumu yazuiwe kwa mawe.

Mwisho, kila lori liwe na daftari lake. Iandikwe tarehe, kosa lililoonekana, kilichopimwa, na kilichobadilishwa. Daftari hilo humsaidia fundi, humzuia mwongo, na siku lori litakapouzwa, mnunuzi atajua anachokinunua. Kalamu na daftari ni vyombo vya ufundi kama spana na bisibisi, na bei yake ni ndogo kuliko vyote.